"Vehement" si ukali wa mbwa

Mkuu, nimekuelewa. Kamusi imekuambia "vehement" ni "-kali", ukaandika "a vehement dog", mwalimu akakukata. Mwalimu yuko sahihi. Nimekaa miaka kwenye dawati la habari nikitafsiri taarifa za mashirika ya nje, na hili neno nilikutana nalo mara kwa mara.

Kiswahili, "kali" inabeba mizigo mingi: mbwa mkali, wembe mkali, pombe kali, mwalimu mkali. Kwa Kiingereza kila mmoja ana neno lake: mbwa ni "fierce", wembe "sharp", pombe "strong", mwalimu "strict". "Vehement" ni ya mtu anayesema, kutetea au kupinga jambo kwa jazba. Mjomba anasimama kwenye kikao cha ukoo, mishipa ya shingo imemtoka, anapiga meza: shamba haliuzwi! Hiyo ndiyo "vehement objection", hata kama hajamtukana mtu. Akirusha kiti, hapo tumeshahamia "violent".

Kwenye habari utaikuta zaidi na "denial", "protest", "opposition". "The minister vehemently denied the allegations": waziri alikanusha vikali tuhuma hizo. Basi, usihangaike. (Ingawa kwa magazeti yetu sijui kama kuna waziri aliyewahi kukanusha taratibu.)

Kazi iko kwenye "a vehement supporter". Ukiandika "mfuasi mkali", msomaji anaweza kudhani jamaa ni mkorofi. Mimi huandika "mkereketwa", na mhariri hajawahi kuligusa. "He spoke vehemently" nayo isikupeleke kwenye "alifoka", maana kufoka ni hasira, na huyu huenda hana hasira na mtu. "Alizungumza kwa jazba" inatosha.

Usishangae ukikuta Biblia ya King James ya mwaka 1611, Yona 4:8, inasema "a vehement east wind". Zamani upepo na moto navyo viliitwa hivyo. Siku hizi upepo mpe "strong" au "fierce".

Matamshi: mkazo uko mwanzoni, na h wengi wanaimeza, inasikika kama "VII-a-ment". "Ve-HE-ment" yetu wataielewa, ila kwenye mtihani wa kusikiliza usikae unaisubiri hiyo h.