Kabla ya Geneva kuna Kisauni: kwa wanaoanza kazi ya haki za binadamu Mombasa

Kila mwaka tunapokea vijana wapya ofisini, wengi wametoka chuoni moja kwa moja, na wiki haiishi kabla hawajauliza: "Ripoti ya Geneva tunapeleka lini?" Geneva ndiko liliko Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa. Nawapenda kwa swali hilo. Lakini mimi maana ya kutopendelea sikuijua kutokana na mkataba wowote. Nilifunzwa Kisauni, na mama anayeuza viazi karai.

Alikuja ofisini mkono umefungwa bendeji kutoka kiwiko hadi vidoleni. Vijana wenye mapanga walipita mtaani kwao wakati wa magharibi, wakataka simu na pesa za mauzo, na aliposita wakamkata. Nilimsikiliza, nikampa maji, nikamwambia hiyo ni jinai, aende kituoni. Alikuwa ametoka huko. Aliambiwa arudi kesho. Miezi michache baadaye kijana wa mtaa huohuo alipigwa risasi na watu ambao majirani walisema ni askari. Safari hii nilikwenda mwenyewe, mbio, na daftari langu. Yule mama alikuwa amesimama kando ya karai lake. Akaniuliza taratibu, bila ukali: "Mwanangu, haki za binadamu ni za binadamu yupi?"

Jibu la darasani nilikuwa nalo. Sheria ya kimataifa inaibana serikali kwanza. Panga la kijana ni jinai, na risasi ya askari nje ya sheria ni ukiukaji wa haki ya kuishi. Ni sahihi, ila limekatika nusu. Serikali ina wajibu wa kutoua raia wake, na ina wajibu pia wa kuwalinda. Kituo kilichomrudisha mama yule kilishindwa na wajibu wa pili, na mimi niliyetakiwa kuliandika hilo nilimwonyesha mlango. Faili la kijana lilikuwa na kurasa kumi na mbili. Mama hakuwa hata na karatasi moja.

Nawaambieni haya mapema kwa sababu mtakutana na maneno "kutopendelea" na "kutochagua" katika maazimio ya Umoja wa Mataifa, na ni rahisi kudhani ni lugha ya mabalozi tu. Yana historia nzito. Tume ya zamani ya Haki za Binadamu, iliyoanza mwaka 1946, ilifika mahali ambapo serikali ziligombea viti ili zijikinge na kuwakinga marafiki zao. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tarehe 15 Machi 2006 Baraza Kuu lilipitisha azimio 60/251, kwa kura 170 dhidi ya 4, tume ikafungwa na nafasi yake ikachukuliwa na Baraza la Haki za Binadamu lenye nchi 47. Azimio hilohilo ndilo lililoagiza tathmini ya kila nchi mwanachama, kubwa kwa ndogo, ambapo nchi nyingine huiuliza maswali na kuipa mapendekezo. Ndiyo tunayoiita UPR. Ilianza mwaka 2008. Kenya imeketi kuulizwa mwaka 2010, 2015, 2020 na Mei 2025, kwa saa tatu mara ya kwanza na saa tatu na nusu kila mara baada ya hapo, muda uleule waliopewa Uchina, Ufaransa na Uswisi.

Msidhani basi upendeleo umekwisha. Keti usikilize kikao kizima utaona nchi marafiki zinavyopeana sifa, na mahasimu wanavyohifadhiana maswali makali. Ninapopata orodha ya mapendekezo huwa nasoma kwanza yale yaliyotolewa na nchi ambazo binafsi sizipendi. Mara kadhaa nimekuta humo pendekezo la kweli kabisa, ambalo ningelipita kwa sababu ya jina la aliyelitoa. Kenya yenyewe ni mwanachama wa Baraza hilo, kipindi cha 2025 hadi 2027, kwa hiyo nasi tunauliza wengine. Ofisa akikwambia, "Mbona wale hamuwasemi, mnatusema sisi tu?" msikilize, huenda ana hoja. Kisha wasemeni wale pia. Hoja yake haiwi sababu ya kumnyamazia mtu aliyepotea Likoni.

Sasa kazi yenyewe, na hapa ndipo naomba mnisikilize zaidi, kwenye maneno. Mzazi akija kusema mwanawe hayupo, atasema "walimchukua". Usiandike "alitekwa". Usiandike "alikamatwa" pia. Kukamatwa kuna kituo, kuna nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kuna mahakama ndani ya saa 24 kama Katiba ya 2010 inavyotaka. Kutekwa ni kazi ya wahalifu. Na "kupotezwa", neno tulilolizoea sana hapa Pwani, tayari linabeba hukumu kwamba dola inajua aliko. Andika alichosema: wanaume wanne, mavazi ya kiraia, gari jeupe, nambari hakuiona, mmoja alikuwa na redio ya mkononi iliyokuwa ikiita. Ile redio peke yake ina nguvu kuliko kurasa tatu za hasira zako. Ukiandika "polisi" pale ambapo mama hakusema polisi, atakayejibu kwa niaba ya serikali ataanzia hapohapo, na yote ya kweli yaliyobaki yataanguka na neno hilo moja.

Tena ushahidi wetu hutolewa kwa Kiswahili na hupelekwa kwa lugha nyingine, kwani UPR haipokei michango ya mashirika, yaani ripoti zao za maandishi, kwa Kiswahili. Hifadhini maneno ya asili kando ya tafsiri. Nimewahi kuona "walimpiga piga" likafasiriwa kuwa mateso, na jeraha lenyewe likawa halikuelezwa popote.

Jingine la hapa kwetu ni maziko. Familia nyingi za Kiislamu huzika siku hiyohiyo, na nyinyi mtataka uchunguzi wa maiti. Usifike msibani na fomu mkononi. Tafuta imamu au mjomba wa marehemu, mpe pole, kaa jamvini na wenzako, kisha eleza kwa sauti ya chini kwamba mwili ukizikwa bila daktari kuuangalia, kuufukua baadaye kunahitaji amri ya mahakama na ni uchungu mara mbili. Wakikataa, wamekataa. Andika kwamba walikataa na usiwalaumu katika ripoti. Wakikubali, hakikisha daktari hachelewi hata dakika moja, maana wamekupa kitu kikubwa.

Mipaka ya kiufundi mtaizoea. Shirika moja peke yake lina maneno 2,815 tu kwa mchango wa UPR, mashirika yakiungana 5,630, na tarehe ya mwisho huwa miezi mingi kabla ya kikao. Utaratibu wa malalamiko wa Baraza, kwa azimio 5/1 la mwaka 2007, hukataa barua zenye matusi na zile zilizokusanywa kwenye vyombo vya habari pekee. Wanaharakati wengi huchukia sharti la matusi. Mimi nalishukuru, limenifunza kuandika.

Wanaotaka kuona ushahidi unavyofanya kazi wakasome kesi ya Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa. Wakazi walidhurika na risasi, ile madini, kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi hapa Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, uamuzi ukatenguliwa katika rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo. Hakukuwa na upande mmoja wa lawama: kiwanda kiliwajibishwa, na taasisi za umma zilizopaswa kukisimamia nazo pia.

Kuhusu wafadhili nitasema kwa ufupi. Atakuja mgeni mwenye nia njema atake visa vya aina moja tu, vinavyolingana na mradi wake. Chukua msaada wake kwa visa hivyo, lakini daftari lako liendelee kupokea kila mtu. Swali la yule mama litakujia siku moja, na hutaki kumjibu kwamba hakuwa kwenye bajeti.

Nilirudi kwake baada ya wiki mbili. Nilinunua viazi, nikangoja wateja wapungue, nikamwomba radhi, nikamwomba tuanze upya. Alinieleza yote: saa, sura, jina la askari wa zamu aliyemwambia arudi kesho. Tulikwenda pamoja kituoni akaandikishwa, akapewa fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, nami nikanakili nambari ya OB. Maelezo yake na ya mama wa yule kijana aliyeuawa yalikwenda katika bahasha moja, kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu na kwa mamlaka ya kusimamia utendaji wa polisi. Kabla ya kuifunga niliwasomea wote wawili, kila mmoja nyumbani kwake. Mama wa kijana alisahihisha tarehe. Yule wa viazi alinisimamisha kwenye sentensi moja: nilikuwa nimeandika walikuwa vijana watano. "Wanne," akasema. "Wa tano alikuwa amesimama mbali, hakunigusa. Mwondoe."