Stendi ya darubini ikigoma, anzia kwenye kitako

Kosa langu la kwanza lilikuwa vanishi. Darubini yangu ya kutazamia nyota, yenye mdomo wa inchi 6, ambayo stendi yake niliiunda mwenyewe kwa plaiwudi na chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi), ilikaa stoo hapa Bwiru, Mwanza, masika mawili. Nilipoitoa, kitako, ule ubao wa chini unaobeba vyote, kilikuwa kimeumuka kama andazi. Mimi nikakimbilia msasa na vanishi, tena nikapaka usiku, taa inawaka. Wadudu wa ziwani wakaja kama moshi, wakanasa humo kwa mamia. Mpaka leo ukipapasa ubavu wa kushoto unawagusa. Paka asubuhi.

Ilikauka, iking'aa kweli. Lakini kila nilipoisukuma kuifuata Jupita, iligoma, kisha ikaruka, sayari ikapotea. Fundi seremala wa Kirumba akaigeuza juu chini, akabonyeza kitako kwa kucha, unga ukamwagika. "Mwalimu, hii chipubodi ilishakunywa maji. Unamremba maiti."

Stendi ya aina hii, aliyoieneza John Dobson, mtawa wa San Francisco, tangu miaka ya 1960, haina gia wala mota. Sanduku linaloshika bomba la darubini linateleza tu juu ya kitako. Na sisi wa Mwanza, nyuzi kama 2.5 kusini mwa ikweta, sayari hutupitia karibu na utosi. Bomba likisimama wima hivyo, inabidi uzungushe sanduku sana ili bomba lisogee kidogo, na pa kushikia pazuri huna. Aliye Ulaya, ambako sayari hupita chini zaidi, anaweza kuvumilia kitako kibovu. Sisi hatuwezi.

Kwa hiyo nilikitupa. Tulikata kipya kwa plaiwudi ya milimita 18, tukabandika fomaika, ile karatasi ngumu ya kufunika meza, chini ya sanduku. Chagua fomaika yenye chembechembe; ile laini kama kioo hunata. Juu ya kitako weka vipande vitatu vya tefloni (plastiki telezi), kila kimoja juu kabisa ya mguu wake, la sivyo ubao utapinda katikati. Mimi tefloni sikupata, nikakata kibao cha plastiki cha kukatia nyama. Kinafanya kazi, ingawa mtelezo wake ni mzito kidogo. Vichwa vya skrubu vizamishe ndani, vinginevyo vitachora fomaika. Na usipake grisi! Nilijaribu, siku mbili tu ikashika vumbi, ikawa gundi.

Vanishi sasa ndiyo ifuate: mikono mitatu myembamba, na usisahau kingo na ndani ya matundu ya bolti, maana plaiwudi hunywea maji huko.

Jinsi ya kupima: weka lenzi ya kukuza mara 100 hivi, sukuma kwa kidole kimoja, achia. Papo hapo unapoachia, sayari ibaki pale ulipoiacha, isirudi nyuma. Yangu inabaki. Mhimili wa juu, ule wa kuinua na kushusha bomba, bado unagonga kidogo upande wa wale wadudu. Huo nimeuacha mpaka likizo.