Makoti ya Gikomba yatafika Ukraine?

SWALI: Shikamoo mzee. Chama chetu cha akina mama kimenunua magunia manne ya makoti mazito Gikomba. Tunataka yawafikie raia wa Ukraine kabla theluji haijaanza. Tuyatume kupitia wapi? – Mama Njeri, Kayole

JIBU: Marahaba, mama. Msiyatume. Yauzeni, mtume pesa.

Miaka ya tisini nilikuwa mtunza stoo Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, misaada ikipakiwa kwa ndege kwenda kusini mwa Sudan. Siku moja tulifungua marobota ya watu wenye nia njema kama yenu. Tukakuta viatu vya visigino virefu, vingine mguu mmoja tu, na nguo za watoto zilizoota ukungu. Vijana wanne walishinda wakichambua, na maturubai yaliyosubiriwa na watu wanaonyeshewa yamekwama mlangoni. Mpaka leo linaniuma.

Halafu baridi ya Ukraine si ya Limuru. Inaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na koti halimwokoi anayelala kwenye nyumba isiyo na joto. Magorofa mengi ya miji kama Kharkiv hupashwa joto na maji moto yanayosukumwa kwa mabomba kutoka mtambo wa mtaa mzima. Tangu Oktoba 2022 Urusi imekuwa ikishambulia mitambo ya umeme. Umeme ukikatika, pampu zinasimama, maji yanaganda, mabomba yanapasuka. Bibi wa ghorofa ya nane atawasha moto wapi? Akiingiza jiko la makaa na madirisha yamefungwa, hewa yake ya sumu itamuua; wenyewe mnajua yanayotupata hapa msimu wa baridi.

Ndiyo maana mashirika ya misaada hupeleka kuni na briketi vijijini, plastiki na mbao za kuziba madirisha yaliyovunjwa na makombora, jenereta, na pesa taslimu kupitia benki au posta, kama sisi na M-Pesa. Mwenye shida ndiye anayejua kama leo ni dawa au ni buti za mtoto. Kuni lazima zifike mapema, barabara zikiwa bado zinapitika.

Makoti yatapata wanunuzi Kinangop. Pesa zipelekeni Msalaba Mwekundu au UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, mkisema wazi ni za Ukraine. Ombeni risiti yenye jina la chama, si la mweka hazina, na muisome mbele ya wanachama wote mkutano ujao.