Michezo ya redio inasaidia, na Dodoma tunahusika

Mkuu umeuliza kama mchezo wa redio unaweza kufundisha vijana mambo ya ukimwi na mimba za utotoni au ni kuwapotezea muda tu. Unaweza bwana, na ushahidi umepitia hapahapa kwetu. Mwaka 1993 Radio Tanzania walianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, wa zamani mnamkumbuka Mkwaju yule dereva wa lori, huku mke huku michepuko njia nzima mpaka ukimwi ukamkuta, sasa sisi Dodoma tulirukwa makusudi hadi 1995, mtambo wa huku ukawa unarusha vipindi vingine saa ileile ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia (yaani tulifanywa kipimo, haya). Tofauti ikaonekana, kule ulikosikika watu walipunguza wapenzi na kondomu zikatumika zaidi.

Nguvu yake sio Mkwaju tu, ni Tunu mkewe, maana alianza mnyonge wa kuvumilia kila kitu akabadilika polepole, na msikilizaji anabadilika naye bila kuhubiriwa.

Kwa hiyo kama mnataka kuandika wa kwenu huko Kongwa, nesi asije akatoa lekcha dakika kumi, vijana watazima. Wekeni binti anaona aibu kuulizia kondomu dukani kwa sababu muuzaji ni mama mdogo wake, afu kateni hapohapo. Wiki nzima watabishana kijiweni alifanyaje.