Safari ya gari na familia kwenye mahekalu ya Tamil Nadu: fuateni saa za hekalu, sio kilomita

Ndugu zangu mnaokuja Chennai, mji mkuu wa jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, iwe masomo, kazi au kumleta mgonjwa, swali mnaloniuliza sana ni tukipata wiki ya nafasi twende wapi na watoto. Na mimi jibu langu halibadiliki, kodini gari mshuke kusini mkaone mahekalu ya Wahindu. Naishi huku na mume wangu na watoto, na mama mkwe akija kutoka Morogoro ndo huwa tunatoka wote, kwa hiyo haya ninayoandika yameshapimwa kwa magoti ya bibi na njaa za wajukuu zake.

Kubwa kuliko yote ni saa. Mahekalu mengi ya Tamil Nadu ambayo bado watu wanaabudu yanafunguliwa alfajiri, kwenye saa 12 hivi au hata kabla, ikifika saa 6 au 6 na nusu mchana milango inafungwa, na haifunguliwi tena mpaka saa 10 jioni, hapo ndo inaendelea hadi saa 2 au 3 usiku. Ukiangalia ramani tu utaona kilomita 40 si kitu, utajipangia mahekalu manne kwa siku, af utajikuta saa 7 mchana umesimama mbele ya geti lililofungwa, jua la utosi, mtoto analia na bibi anatafuta pa kukaa. Panga hivi: asubuhi hekalu moja, mchana ni wa kula, kulala kidogo na kusogea na gari, jioni hekalu la pili. Mawili kwa siku yanatosha kabisa na wala hamtakuwa mmekosa kitu, manake haya mahekalu si ya kupita mbio.

Sehemu ambazo ni kumbukumbu za kihistoria tu saa zake ni tofauti. Mamallapuram, ambako wengi bado wanakuita Mahabalipuram, ni kama kilomita 60 kusini mwa Chennai kwa ile barabara ya pwani, na hekalu la ufukweni pale linafunguliwa asubuhi mpaka saa 12 jioni bila kufungwa mchana. Ni kazi ya wafalme wa ukoo wa Pallava waliotawala huku zamani, la mwanzoni mwa karne ya 8, na bahari iko palepale jirani. Tiketi ni moja kwa hilo hekalu na yale magari matano ya mawe, yaani mahekalu yaliyochongwa mfano wa magari ya kukokotwa, kila moja limechongwa kutoka kwenye jiwe zima, wachongaji walianzia juu wakashuka chini na mengine hawakuyamaliza, kwa hiyo unaona kabisa kazi ilivyokuwa inaenda. Sisi wageni tumelipa rupia 600 wakati wenyeji 40, watoto chini ya miaka 15 bure.

Ila watoto wapelekeni kwanza kwenye ule mwamba mkubwa uliochongwa tembo na mamia ya viumbe, wengine wanasema ni Arjuna, shujaa wa hadithi za Kihindu, anafunga na kuomba, wengine wanasema ni mto Ganga unashuka kutoka mbinguni, wasomi hawajakubaliana mpaka leo. Upana wake unakaribia mita 30 na hakuna kiingilio. Waambie wamtafute paka. Yupo chini karibu na tembo, amesimama kwa miguu ya nyuma, mikono juu ya kichwa, anajifanya mchamungu kama yule mtu aliyefunga pale juu, na panya wako miguuni kwake wanamwamini. Wanangu walikaa pale muda mrefu wakibishana kama panya wataliwa au la, na bibi yao akawa hakimu. Hiyo ndo njia yangu kwa kila hekalu, nawapa watoto kitu kimoja cha kutafuta, baada ya hapo wanaanza kuona vingine wenyewe.

Kutoka hapo mnafuata pwani. Puducherry mnaweza kulala usiku mmoja, ni mji uliokuwa wa Wafaransa, mzuri kwa kutembea jioni. Chidambaram kuna hekalu la mungu Shiva anayecheza ngoma, na kwenye malango yake wamechonga mikao 108 ya kucheza, mwambie binti yako aiige uone. Mchana milango ikishafungwa sogeeni Tharangambadi, pale Wadenmaki walijenga ngome yao ya Dansborg mwaka 1620, ipo mbele ya bahari na ndani kuna makumbusho madogo. Mwaka 1706 mmisionari Ziegenbalg alifika pale, na Agano Jipya la Kitamil likachapwa palepale mwaka 1715. Mama mkwe wangu ni mama wa kanisa haswa, na kati ya safari nzima hapa ndo alipouliza maswali mengi, akataka kujua mashine ya kuchapa ililetwaje na herufi za Kitamil walizitoa wapi. Kwa hiyo mkiwa na wazee wa kanisani msipapite hivihivi.

Kituo cha kulala siku mbili tatu fanyeni Kumbakonam. Hoteli ni nafuu, kahawa yake ya maziwa ni maarufu, na kila kitu kipo jirani. Darasuram ni kama mlango wa pili kutoka hapo, hekalu la karne ya 12 la mfalme Rajaraja wa pili wa ukoo wa Chola, dogo kuliko yale mengine makubwa lakini michoro yake ni midogo midogo na safi mno. Kuna sehemu wamechonga ng'ombe dume na tembo wanaotumia kichwa kimoja. Ukiziba kiwiliwili cha kushoto kwa kiganja unaona mnyama mmoja, ukiziba cha kulia unaona yule mwingine, pembe za huyu ndo zinageuka pembe za ndovu za yule. Mumewangu ambaye kawaida anakaa kwenye gari na simu yake, pale tulimsubiri.

Thanjavur ni kilomita 40 hivi kutoka Kumbakonam na hapa nawaomba mfike mapema asubuhi, saa 12 na nusu mkiweza. Hekalu kubwa la Brihadisvara lilikamilika mwaka 1010 chini ya Rajaraja wa kwanza, mnara wake ni kama mita 60, wote granaiti, na eneo lile ni la udongo wa mto Kaveri halina miamba, maana yake kila jiwe lilisafirishwa. Mnaingia bure. Wageni wengi wanaangalia juu tu. Angalieni na chini, kwenye msingi na kuta, mawe yameandikwa Kitamil cha zamani: nani alitoa dhahabu kiasi gani, kondoo wa nani watatoa samli ya taa, na majina ya wanawake 400 waliokuwa wachezaji wa hekalu pamoja na mitaa waliyopewa nyumba. Miaka elfu moja na majina yao bado yapo. Mimi hapo huwa nahisi kitu moyoni, sisemi uongo.

Sasa adabu, kwa sababu sisi wengi ni Waislamu na Wakristo na watoto watauliza. Kaeni nyumbani kabla ya kutoka mkubaliane: majivu wanayopaka waumini kwenye paji la uso mnapokea au mnashukuru kwa mikono mkapita? Ule wali wa sukari guru na samli wanaogawa mnakula au hapana? Sisi kila mtu anafuata dhamira yake ila kwa heshima, na neno sanamu halitamkwi kwa sauti ya kudharau mbele ya mtu anayesali, hata kama unaamini hakuna anayejua Kiswahili. Mabega na magoti yafunikwe, kanga moja ya ziada kwenye begi inasaidia sana. Kwenye mahekalu mengi asiye Mhindu anaishia kwenye nguzo ya bendera, haingii kule ndani kwenye chumba cha mungu, na Januari 2024 Mahakama Kuu ya Madras (jina la zamani la Chennai) iliagiza mabango yawekwe. Ukiona bango rudi, usibishane na mlinzi.

Viatu mnaacha nje. Sakafu ya mawe saa 5 asubuhi mwezi wa 4 au wa 5 inaunguza kweli, bebeni soksi za zamani, na fuateni mikeka au njia iliyopakwa chokaa nyeupe. Ndo maana mimi nasema njooni Januari na Februari. Oktoba mpaka Desemba huku pwani ni mvua. Katikati ya Januari kuna sikukuu ya mavuno ya Pongal na mahujaji wa mungu Ayyappa wenye nguo nyeusi wamejaa barabarani, kwa hiyo vyumba shikeni mapema.

Mkishuka zaidi hadi mji wa Madurai, kwenye hekalu la Meenakshi simu haziingii ndani, mnaziacha kaunta. Na watu ni wengi. Malango makubwa ni manne, mashariki, magharibi, kaskazini na kusini, na kwa mgeni yote yanafanana, ukitokea lango lisilo lako viatu na simu viko upande mwingine kabisa. Kabla hamjaingia kila mtoto aseme kwa mdomo wake tumeingilia lango gani, mkubaliane pa kukutania ndani, ile bwawa ya ngazi ni nzuri kwa hilo, na namba ya baba mwandikie mtoto mkononi kwa kalamu.

Kuhusu gari, chukueni lenye dereva, Innova inatosha watu sita na mizigo. Bei inahesabiwa kwa kilomita, na mara nyingi kuna kiwango cha chini cha kilomita kwa siku hata kama gari limelala, halafu kuna posho ya dereva, tozo za barabara na maegesho. Ulizeni vyote kabla, na hakikisheni kioo kina stika ya FASTag, ile ya kulipia tozo za barabara kielektroniki, maana bila hiyo mnalipa zaidi.

Na kama uko Chennai unasubiri majibu ya mgonjwa na una siku moja tu, inawezekana. Tokeni saa 11 alfajiri muende Kanchipuram, kama kilomita 75, muone mahekalu ya Kailasanathar na Ekambareswarar kabla ya saa 6. Kuleni mchana palepale, wali kwenye jani la mgomba, mkono wa kulia kama kwetu, halafu kilomita 65 hivi hadi Mamallapuram, mfike kwenye saa 9 jua likianza kupungua. Mkianza na Mamallapuram asubuhi Kanchipuram mtakuta pamefungwa.