Mtoto Wako Anaongoza Darasa Bila Kutoka Jasho? Soma Yaliyonikuta

Jumapili iliyopita nilipokea ujumbe wa mama mmoja wa Singida. Mwanawe yuko darasa la tatu, shule ya serikali, na anamaliza zoezi la Hisabati wenzake wakiwa bado wanapiga mistari kwenye daftari. "Dada, kila siku anarudi ananiambia leo hatukusoma kitu. Nikope nimpeleke shule ya kulipia?" Nilikuwa na wateja dukani, nikamjibu mistari miwili. Usiku usingizi ulinipaa. Swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, nikalijibu vibaya, na aliyelipia ni mwanangu.

Binti yangu wa kwanza alianza darasa la kwanza Januari 2016, mwaka ule ule elimu bila ada ilipoanza. Mnaokumbuka foleni za uandikishaji mnajua ninachosema. Darasa lao lilikuwa na watoto 128, dawati moja watoto wanne, na wengine chini. Yeye aliingia akiwa tayari anasoma, maana alikulia kwenye steshenari yangu hapa Morogoro, akisoma kila karatasi niliyotoa kopi: barua za kuomba kazi, kadi za michango ya harusi, mitihani ya majaribio ya shule za jirani. Mtihani wa kwanza akawa wa kwanza. Akaendelea kuwa wa kwanza mpaka darasa la saba.

Sifichi, nilijivuna. Ripoti zake nilizibandika ukutani dukani, na mteja aliyeuliza nilimsimulia, asiyeuliza pia nilimsimulia.

Ila ngoja niwaambie alikuwa akifanya nini darasani. Akimaliza zoezi dakika ya kumi, mwalimu anampa chaki aandike ubaoni majina ya wapiga kelele. Akiwa darasa la nne alikuwa anasahihisha madaftari ya wenzake. Miaka mitano alikuwa kiongozi wa darasa, na mimi nikaona ni heshima. Simlaumu mwalimu. Piga hesabu mwenyewe: madaftari 128, dakika moja kila daftari, ni saa mbili na dakika nane kwa somo moja tu. Angempata wapi muda wa kumtafutia mtoto mmoja swali la pekee?

Lakini wakati ule nililaumu. Alipokuwa darasa la tatu nilivaa kitenge changu kizuri nikaenda ofisini kwa mwalimu mkuu, nikamwambia mwanangu anapotezewa muda, arushwe darasa. Akanieleza kwa upole kwamba haiwezekani kama zamani. Mtoto ana namba yake ya PReM, ile ya kumtambua kwenye kumbukumbu za Baraza la Mitihani, na mbele yake kuna upimaji wa kitaifa wa darasa la nne ambao lazima aufanye. Nikapandisha sauti. Maneno yakatoka ofisini yakafika darasani, na kuanzia siku hiyo mwalimu mmoja akawa anamwita mwanangu "mtoto wa mama mjuaji" mbele ya wenzake. Mpaka leo jambo hilo nikilikumbuka kifua kinabana. Mtoto aliacha kunyoosha mkono. Aliendelea kuongoza, lakini kimya kimya.

Matokeo ya darasa la saba yalipotoka mwishoni mwa 2022, alichaguliwa shule ya vipaji maalumu. Mnazijua: Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora kwa wavulana, Kilakala, Msalato na Tabora kwa wasichana. Alikwenda mojawapo. Nyumbani tulipika pilau, mjomba wake akaja na mbuzi.

Machi mwaka uliofuata, Jumamosi mchana, simu ya matroni iliita. Binti yangu alikuwa analia hata hawezi kuzungumza. Kwenye mtihani wa kwanza alikuwa wa 74 kati ya 96. Aliniambia hivi: "Mama, kumbe mimi sina akili."

Lugha ilichangia, sikatai. Mtaala wa wakati ule ulianza Kiingereza darasa la tatu, na masomo mengine yote alisoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba. Neno mzingo alilijua kama jina lake. Alipolikuta kwa Kiingereza kwenye karatasi ya mtihani hakulitambua, akaruka swali ambalo angelifanya akiwa amefumba macho. Hilo lilikuwa tatizo la miezi, likaisha. Lililokuwa zito ni jingine. Kwa miaka saba mtoto huyu hakuwahi kukutana na hesabu iliyomshinda. Hakujua mtu anafanya nini akikwama. Wenzake walikwama wakafuta, wakajaribu tena, wakaenda kumwuliza mwalimu. Yeye akikwama alifunga daftari, kwa sababu kichwani mwake kukwama ni kazi ya watoto wasiojua. Nani alimfundisha hivyo? Mimi, na zile ripoti zangu za ukutani.

Sasa yuko kidato cha tatu na anakwenda vizuri. Kidato cha kwanza na cha pili vilikuwa vya machozi, sina haja ya kuvisimulia.

Mdogo wake wa kiume nilimlea tofauti. Yuko darasa la tano, shule ile ile ya serikali, darasa limejaa vile vile. Naye ni mwepesi. Safari hii sikuomba arushwe darasa wala sikukopa ada. Nilikwenda kwa mwalimu wake wa Hisabati wiki ya pili ya muhula, asubuhi kabla ya kengele, nikasema, "Shikamoo mwalimu, sijaja kulalamika. Mwanangu akimaliza mapema, naomba umruhusu atoe daftari lake la pili afanye maswali nitakayompa nyumbani. Wewe usihangaike kusahihisha." Mwalimu alinitazama kama dakika nzima, kisha akacheka. Akasema mimi ni mzazi wa kwanza kumwomba kitu kisichomwongezea kazi.

Daftari la pili ndiyo siri yangu yote. Ndani hakuna maswali mengi. Watu wanakosea hapo: mtoto akimaliza hesabu kumi wanampa ishirini za aina ile ile. Hiyo ni adhabu, na mtoto mwerevu atajifunza kwenda polepole ili asiongezewe. Mpe moja ngumu.

Mfano. Kitabu kinasema shamba la mstatili lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, tafuta mzingo. Anajibu 36 kabla hujamaliza kusoma. Mimi niligeuza: una uzio wa mita 36, panga mashamba yote ya mstatili unayoweza kuzungushia, pande ziwe namba nzima, kisha uniambie lipi lina eneo kubwa. Alianza na 1 kwa 17, akaenda 2 kwa 16, akajaza ukurasa. Alipofika 9 kwa 9 akapata mita za mraba 81, akasimama: "Mama, mraba nao ni mstatili?" Tulibishana mpaka chakula kikapoa.

Kesho yake nikaongeza: shamba liko kando ya Mto Morogoro, upande wa mtoni hauhitaji uzio. Hapo alikwama. Siku ya kwanza alikasirika, akatupa kalamu. Siku ya pili akalia kidogo. Nilikaa naye mezani nikishona madaftari ya wateja, sikumsaidia, na kukaa bila kumsaidia kulinichoma kuliko yeye alivyochomeka. Siku ya tatu akaja mbio dukani: 9 kwa 18, mita za mraba 162. Halafu akagundua mwenyewe kwamba 162 ni 81 mara mbili kamili, akauliza kwa nini. Sikuwa na jibu. Nikamwambia kamwulize mwalimu.

Mwalimu yule yule mwenye madaftari zaidi ya mia alibaki naye baada ya kengele ya kutoka. Akachora mto ubaoni, akachora shamba upande mmoja, na shamba pacha ng'ambo ya pili kama kivuli kwenye maji. Mashamba mawili pamoja yana uzio wa mita 72, na umbo lenye eneo kubwa ni mraba wa 18 kwa 18. Kata katikati, unabaki na 9 kwa 18. Mwanangu alinisimulia jioni huku mikono ina chaki mpaka viwikoni. Sijawahi kumwona hivyo akileta ripoti.

Basi dada yangu wa Singida, na nyote mlioniuliza kabla yake: usikope. Sisemi shule za kulipia ni mbaya, nasema mtoto anaweza kukosa swali gumu hata huko, akiwa na viatu vinavyong'aa. Nenda kwa mwalimu kwa adabu, omba nafasi, usiombe upendeleo. Mtafutie gumu. Vitabu vya kiada vya madarasa ya mbele vinasomeka bure kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, hata kwa simu. Mikoa mingi ina maktaba ya mkoa. Mpeleke Jumamosi, achukue kitabu cha Kiingereza asichokielewa chote. Kama babu yake anajua bao, mwache babu amfunge kila siku mpaka ajue kuhesabu kete kabla ya kucheza. Wangu alifungwa miezi minne. Na usimsifu kwa kumaliza mapema. Nisikilize hapo, nimeumia hapo. Msifu akifuta na kuanza upya.

Leo usiku mpe hilo la uzio, ila kwa darasa la tatu anza na mita 12. Kaa naye mezani. Akikwama usimwambie jibu, hata akilia.