Jibu: Riwaya ya marafiki wawili, usaliti hauumi

Habari ndugu. Umesema watoto wawili wa riwaya yako, inayotokea Tanga, 1983, wanaaminiana tangu ukurasa wa kwanza, lakini usaliti ukifika hauumi.

Kagua kwanza: mmoja amemkabidhi mwenzake nini? Mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi, serikali ilipokamata walioficha bidhaa adimu, rafiki yangu alinionyesha miche ya sabuni baba yake aliyoificha uvunguni, imefunikwa kanga kuukuu. Nilikuwa na miaka tisa, nikalala na siri ya kumfungisha mtu mzima.

Tafuta siri ya uzito huo. Andika kwanza siku inapovuja, ndipo urudi nyuma uipande: shati linalonukia sabuni wakati mtaa mzima hauna, mlango unaofungwa mchana. Usieleze chochote. Wapatane mwishoni au la, sina jibu. Wa kwangu bado nauandika.